Boti nyembamba siku moja mtoni Thames: nenda juu, usikimbilie Abingdon

Swali la msomaji

"Naishi Leicester na familia yangu. Mama anakuja kutoka Pangani mwezi wa saba. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua, lakini babu aliyemzaa alikuwa nahodha wa mashua na yeye mwenyewe anapenda maji kuliko nchi kavu. Nataka kukodi boti nyembamba Oxford kwa siku moja, twende Abingdon na kurudi. Tutakuwa na mume wangu, ambaye hajui kuogelea, na watoto wawili, mmoja miaka 11 na mwingine 6. Sijawahi kuendesha boti na sina leseni. Kila ninayemwambia ananitisha kuhusu zile loki za mtoni, vyumba vya maji vya kuinulia na kushushia boti. Niache?"

Jibu

Dada yangu, usiache. Cha kuacha ni Abingdon.

Tupige hesabu pamoja. Kutoka Oxford hadi Abingdon kwa njia ya mto ni kama kilomita 13, na njiani kuna loki tatu: Iffley, Sandford na Abingdon yenyewe. Sheria ya Thames inaruhusu kilomita 8 kwa saa, lakini boti hizi kwa kawaida zinakwenda kilomita 5 tu, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Kwenda ni saa mbili na nusu, na kila loki iongezee dakika 20 hadi 30, maana utakuta foleni. Halafu urudi njia ile ile, sasa ukipanda mto, mkondo ukikusukuma nyuma, nawe umechoka. Jumla ni saa saba hadi nane za kusimama kwenye kana, yaani mti wa kuongozea boti, na saa ya mwenye boti inakusubiri gatini. Mama atarudi Pangani na habari za haraka tu. Tena Sandford ni mojawapo ya loki zenye kina kirefu zaidi katika sehemu ya mto isiyopata maji kupwa na maji kujaa. Maji hushuka karibu mita 2.7, na ukiwa chini unatazama ukuta uliolowa, wenye ukoko wa kijani, umekupita kichwa. Kwa mtu wa mara ya kwanza, tena na mume asiyejua kuogelea, si hapo pa kuanzia.

Nenda upande wa pili. Tafuta boti inayotoka juu ya loki ya Osney, panda mto kupita Godstow, kisha King's Lock, ufunge kamba kabla ya kufika loki ya Eynsham. Ni kama kilomita 10, loki mbili tu za kupanda na hizo hizo mbili za kushuka. Godstow inakuinua kama mita moja na nusu, na King's Lock haifiki mita moja. Mama ataona majani ya ukingoni muda wote. Na jambo ninaloliweka mbele ya yote: saa ya kurudi, watoto wanaposinzia na mikono yako imechoka, mkondo uko nyuma yako unakusaidia. Nimewapeleka wageni wengi kwenye mto huu, na ninachokwambia leo ndicho ninachowaambia wote: siku ya mtoni ipange kwa kumtazama aliyechoka kuliko wote.

Kuhusu leseni, kwa boti ya kukodi ya aina hii hutakiwi kuwa nayo. Mwenye boti atakufundisha kabla hajakuachia, kwa kawaida chini ya saa moja. Usimruhusu akuharakishe. Mwombe muipite loki moja pamoja kama kuna uwezekano, na usikubali aondoke kabla hujaigeuza boti, hujairudisha nyuma na hujaisimamisha kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa hizo loki zinazokutisha. Mto unashuka kuelekea baharini, na zamani wenye vinu vya kusagia nafaka waliujengea mabanio, kama yale ya wakulima wa mpunga kwetu, ili wapate maji ya kuzungusha magurudumu yao. Boti zikakosa njia. Kwa karne nyingi dawa ilikuwa kufungua sehemu ya banio: maji yanatoka kwa kishindo, boti ya kushuka inachukuliwa nayo mzimamzima, na ya kupanda inavutwa kwa kamba dhidi ya maporomoko hayo. Watu walikufa maji. Katika miaka ya 1630 zikajengwa loki za kwanza za mto huu, Iffley na Sandford zikiwa miongoni mwake. Osney ilijengwa mwaka 1790 kwa nguvu za wafungwa wa gereza la Oxford, na Godstow ni ya mwaka huo huo. King's Lock na Eynsham ni za juzi tu, mwaka 1928; kabla ya hapo boti bado zilikuwa zikipita kwenye mabanio ya kufungua. Kwa hiyo ukiiona loki, jua kwamba ilijengwa kuondoa hatari iliyokuwa pale. Banio bado lipo pembeni yake, na hilo ndilo la kuogopwa. Nitalirudia.

Loki yenyewe ni chumba cha maji, na milango yake iko miwili miwili kila upande. Milango hukutana kama mikono ya mtu anayeomba dua, ncha yake ikielekea juu ya mto, kwa hiyo maji yenyewe ndiyo yanayoibana. Maji ya juu na ya chini yasipolingana, hakuna mwanadamu wa kuifungua, hata asukume vipi. Kuna vilango vidogo chini ya maji: ukifungua vya juu chumba kinajaa, ukifungua vya chini kinamwagika. Hakuna pampu. Godstow ina urefu wa zaidi ya mita 30 na upana wa karibu 5, hivyo kila unapoinuliwa pale, zaidi ya lita laki mbili za maji zimeingia chini yako kwa uzito wake tu.

Thames ina loki 44, kuanzia Lechlade huko juu hadi Teddington jijini London, na nyingi zina mlinzi, mwajiriwa wa Environment Agency, serikalini. Mchana wa mwezi wa saba kwa kawaida utamkuta, ingawa saa saba huenda kula. Mkimsalimia vizuri atawafanyia kazi yote na nyinyi mtabaki na kamba tu. Asipokuwepo, mnafanya wenyewe. Godstow inaendeshwa kwa vitufe, na maelekezo yameandikwa pale pale. Kuanzia King's Lock kwenda juu ni kazi ya mikono: kila mlango una gogo refu la kuusukumia, na vilango vinafunguliwa kwa gurudumu la chuma lililopachikwa hapo hapo. Huyo wa miaka 11 atapenda kazi hii. Mwambie ageuze mgongo, aegemee gogo kwa makalio, akanyage chini kwa visigino na asukume polepole. Kwa mikono mitupu hata mtu mzima mwenye nguvu anahangaika.

Mkiwa mnapanda, ingia taratibu, sogea ukutani, zima injini. Hiyo ni kanuni ya loki za Thames na ni raha pia, kwa sababu kunakuwa kimya ghafla na mnaanza kusikia maji. Zinahitajika kamba mbili, moja omo, yaani mbele, na moja tezi, yaani nyuma. Kila kamba ipitishe kwenye nguzo iliyo ukingoni, kisha irudishe mkononi mwako. Mume wako ashike ya omo, wewe ya tezi. Maji yakianza kuingia yataisukuma boti nyuma, kisha yatataka kuivuta mbele. Kadiri boti inavyopanda kamba inalegea, nanyi mnaivuta kidogo kidogo. Vilango vifunguliwe nusu kwanza, maji yatulie, ndipo vimaliziwe. Ukiona boti inarukaruka, piga kelele vifungwe. Hakuna wa kukulaumu.

Mkiwa mnashuka kuna mambo mawili, na hapa soma polepole.

La kwanza ni kizingiti. Chini ya milango ya juu kuna ngazi ya zege inayojitokeza ndani ya chumba, na chumba kikiwa kimejaa huioni. Maji yakishuka, tezi ya boti ikiwa juu ya kizingiti hicho, inakaa juu ya zege huku omo ikiendelea kwenda chini, na boti ya chuma ya tani zaidi ya kumi inaweza kuzama kwa dakika chache. Ukutani kuna mstari mweupe na alama ya kuonyesha kinapoishia. Tezi yako iwe mbele ya mstari huo muda wote. Mpe mtoto mkubwa kazi hiyo moja: atazame mstari, na akiona boti inarudi nyuma aseme kwa sauti.

La pili ni kamba. Usifunge fundo ndani ya loki, kamwe. Hili lilinifika mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa pili wa kazi hii nilikuwa na mgeni mmoja, mtu makini kabisa, aliyeona kushika kamba kunamchosha. Akaizungusha kwenye chuma cha boti na kukaza fundo, kisha akachukua simu apige picha. Maji yakashuka. Nilianza kusikia vikombe vikiteleza kabatini, kisha sahani, kisha nikaona sakafu imeinama na upande mmoja wa boti unaning'inia ukutani kama ndoo kisimani. Fundo lililobeba uzito huo halifunguki kwa vidole. Kisu kilikuwa kwenye droo, chini ya vijiko, na droo ilikuwa imekwama kwa sababu ya kuinama. Mlinzi wa loki alifunga vilango, akafungua vya juu maji yapande, na boti ikarudi taratibu. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo kisu kinakaa kiunoni mwangu, na nakuomba na wewe uwe nacho mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta.

Mabanio sasa. Unapokaribia loki mto hugawanyika: upande mmoja loki, upande mwingine banio. Kuna kibao chenye mshale, na mara nyingi maboya au magogo yanayoelea yamezuia upande wa hatari. Kutoka juu banio halionekani kama kitu cha kutisha. Unaona maji laini yanayokatika ghafla kama ukingo wa meza, basi. Ukishuka, anza kutafuta mshale mapema, punguza mwendo ukiwa mbali, na kama loki ina foleni funga kamba kwenye gati la kusubiria. Usielee katikati ya mto ukisubiri. Na watoto wasiogelee popote karibu na banio, hata siku ya joto, hata wakiona wengine wanaruka.

Kuendesha kwenyewe utajifunza kabla hujafika Port Meadow, uwanda wa malisho ulio njiani. Boti haina usukani wa gari. Ina kana, ile ile ya mashua za kwenu. Ukisukuma kana kulia, omo inakwenda kushoto. Wageni wengi hapa huchanganyikiwa nusu saa nzima, lakini mtoto wa nahodha hatahitaji kuelezwa. Boti inajizungusha katikati yake, kwa hiyo omo ikienda kushoto tezi inatupwa kulia. Wanaoanza hutazama mbele tu na kugonga nyuma. Breki hakuna. Unasimama kwa kurudisha gia nyuma, na ukiwa kwenye gia ya nyuma kana haishiki, boti inakwenda inakotaka. Punguza mwendo mapema kuliko moyo wako unavyokwambia. Mtoni tunapita kulia tukikutana, na wapiga makasia wa Oxford wapishe, maana wanakwenda kinyumenyume na hawakuoni.

Kufunga kamba mtoni kuna adabu yake: omo ielekee mkondo unakotoka. Mkipanda ni rahisi, mnasogea tu mkondo ukiwasimamisha. Mkiwa mnashuka na mnataka kupumzika, igeuze boti kwanza, sehemu pana, kisha ndipo usogee. Anayejaribu kufunga huku mkondo unamsukuma mgongoni huishia kukimbia ukingoni na kamba mkononi, na hapo ndipo watu wanapoteguka.

Sasa mama. Boti hizi zina upana wa mita 2 na sentimita chache, kwa sababu mifereji aliyoisanifu James Brindley katika miaka ya 1760 ilipewa loki nyembamba za kiasi hicho, na boti zikaendelea kufuata kipimo hicho hadi leo. Ndani unapita mtu mmoja mmoja, na hilo linafaa kwa mwenye magoti mabovu kwa sababu kila upande kuna pa kujishika. Mbele, pale omo, huwa kuna uwanja mdogo wenye viti, chini karibu na maji. Mweke hapo na huyo wa miaka 6, wote wawili na majaketi ya kuokolea. Mume wako naye avae tangu gatini hadi gatini, na asione haya. Mimi najua kuogelea na ninavaa. Kwenye loki mama asitoke, asisimame, wala asiweke mkono kati ya boti na ukuta. Mwambie hivyo kwa heshima lakini mwambie, kwa sababu mtu aliyekulia kwenye mashua atanyoosha mkono kuisukuma boti isigonge. Mashua ya mbao utaisukuma. Hii ya chuma inavunja vidole. Igonge tu.

Mkiondoka saa tatu asubuhi, nusu saa baadaye mtakuwa Port Meadow, uwanda mkubwa wa malisho upande wa mashariki. Ni ardhi ya wote, imetajwa katika daftari la mfalme la mwaka 1086 na inasemekana haijawahi kulimwa. Wenyeji wenye haki ya kuchunga bado wanaachia farasi na ng'ombe wao humo, na siku za joto ng'ombe wanasimama majini hadi tumboni, wakikutazama unavyopita. Hapa mto ni mpana na hauna haraka. Hapa ndipo pa kumpa mama kana, akitaka. Mletee kigoda tezi, simama pembeni yake, mkono wako uwe karibu na gia, umwachie. Nimemwona mzee mmoja wa Kilwa, aliyekuja kumtembelea mwanawe, akiishika kana hapo baada ya miaka 30 ya kukaa bara. Hakusema kitu. Alipita katikati ya kundi la mabata bukini bila hata mmoja kuruka.

Baada ya loki ya Godstow upande wa magharibi kuna magofu ya monasteri ya masista wa karne ya 12, iliyofungwa mwaka 1539 wakati wa Henry VIII. Mnaweza kuyatazama kutoka botini. Kutoka King's Lock kwenda Eynsham nyumba zinaisha. Ni mierebi tu, kona baada ya kona, na ukinyamaza utaona mdiria akikatiza mbele ya omo, rangi ya buluu iliyokolea, mara moja tu na ameshapotea. Mtakula hapo juu. Pikeni nyumbani, jiko la boti ya siku moja ni dogo na mtagombana na upepo. Na nawaomba wote mliogusa kamba mnawe kwa sabuni kabla ya kula: homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022, ipo pia kwenye mito ya huku, inaletwa na mkojo wa panya. Mwenye kidonda mkononi akifunike.

Mkibaki na nguvu tembeeni hadi daraja la Swinford, lililo karibu na loki ya Eynsham. Lilifunguliwa mwaka 1769 na mpaka leo magari madogo yanalipa ushuru, senti 5 za pauni. Boti hupita chini bure. Ikifika saa nane, hata kama mnajisikia vizuri, geuzeni.

Jioni ya siku iliyotangulia, fungua tovuti ya Environment Agency uangalie hali ya mto, na asubuhi tazama kibao kwenye loki. Kibao cha njano kinasema mkondo unaongezeka au unapungua. Ukiongezeka usitoke na familia, na ukiwa unapungua mwulize mwenye boti anashauri nini. Kibao chekundu maana yake mkondo ni mkali, na hapo hakuna mjadala. Mwezi wa saba mara nyingi mto umetulia, lakini mvua za siku chache juu ya Lechlade zinatosha kuubadilisha wakati Oxford kuna jua.

Ikitokea hivyo, usimwambie mama safari imekufa. Muulize mwenye boti kama anaweza kukuanzisha kwenye Mfereji wa Oxford, uliofika mjini mwaka 1790. Mfereji hauna mkondo. Loki zake ni nyembamba kiasi kwamba boti inaingia kama panga kwenye ala. Hakuna mlinzi, kwa hiyo utapewa mkono wa chuma wa kuzungushia vilango. Uchomeke vizuri, shikilia kwa nguvu mpaka uufunge, na usiuache umening'inia kwenye gia ukageuka kuongea na mtu, kwa sababu ukifyatuka unazunguka wenyewe na unavunja mkono. Mpe mume wako kazi hiyo. Wewe baki kwenye kana, mama akae omo.